Mashua Kuukuu ya Faibaglasi: Jinsi ya Kutambua na Kuziba Uharibifu wa Bodi

Nairobi haina bahari, lakini mashua za tanga si ngeni jijini. Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 karibu na Kibera na Lang'ata, liliwahi kuwa na kilabu cha mashua hizo kabla ya magugu-maji na matope kulifunika. Siku hizi wenye mashua ndogo za faibaglasi huzivuta kwa trela hadi Ziwa Naivasha, au huzihifadhi nyuma ya nyumba wakisubiri safari ya Pwani.

Mashua hiyo ikipata ufa, fundi aliye karibu ni yule anayetengeneza bampa za matatu. Vifaa anavyotumia ni vilevile vinavyotafutwa na mwenye mashua: rezini, mati ya nyuzi za kioo, msasa na fila, kutoka maduka ya vipuri, rangi na kemikali kuanzia River Road na Kirinyaga Road hadi Eneo la Viwanda. Fundi huyo anaijua faibaglasi vizuri. Tatizo ni kwamba bampa haikuundwa kuzuia maji. Ikipigwa fila, ikasuguliwa na kupakwa rangi, kazi imekwisha. Fila ya gari hufyonza unyevu, na ikiwekwa chini ya mstari wa maji huvimba na kubanduka, pengine mashua ikiwa katikati ya ziwa.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, mwenye mashua anapaswa kujua ufa umefika wapi. Bodi ya faibaglasi ina ngozi ya nje iitwayo jelikoti, ambayo unene wake ni kama nusu milimita tu. Chini yake kuna tabaka za nyuzi za kioo zilizolowa rezini, na hizo ndizo zinazobeba uzito wote. Nyufa nyembamba kama unywele, hasa zile zinazotawanyika kama miale kuzunguka skrubu au pembe, mara nyingi huishia kwenye jelikoti. Hazizamishi mashua leo, ila huonyesha mahali ambapo bodi inapinda kupita kiasi. Kuziba nyufa hizo bila kuimarisha sehemu hiyo kwa ndani ni kazi ya bure, kwani zitarudi.

Njia ya kukagua ni rahisi na haina gharama. Bodi hugongwa taratibu kwa sarafu au mpini wa bisibisi, sentimita chache kwa wakati. Faibaglasi nzima hutoa mlio mkali. Mlio ukibadilika na kuwa mzito kama wa debe lililojaa unga, tabaka zimeachana, au mbao zilizofungiwa ndani zimeoza. Sehemu hiyo izungushiwe alama ya chaki. Mahali pa kuanzia ni pale mashua inapokalia vishikizo vya trela, kwa sababu uzito wote hulalia sehemu ndogo na kila shimo la barabara huupigilia msumari. Panapofuata ni kando ya mkuku na kwenye kijisanduku cha ubao wa katikati unaoshushwa majini.

Mashua iliyokaa majini kwa miaka mingi huweza pia kuota malengelenge. Maji hupenya jelikoti polepole, yakachanganyika na kemikali zilizobaki ndani na kuzaa majimaji yenye harufu kama ya siki. Anayeyatoboa avae miwani ya kinga, kwa kuwa hutoka kwa shinikizo. Malengelenge machache si janga. Yakienea bodi nzima, ni busara kulinganisha gharama ya matengenezo na thamani ya mashua yenyewe, hata kama moyo unasema vingine.

Mashua ya mbao hukalafatiwa kwa pamba na mafuta, nayo mbao huvimba majini na kujifunga. Faibaglasi haina bahati hiyo. Kilichovunjika lazima kiondolewe na kujengwa upya, na kwanza kikauke. Kukauka huko huchukua majuma, si siku. Kipande cha plastiki kikibandikwa pande zote juu ya sehemu iliyoharibika na kuachwa juani, matone yakionekana kwa ndani, bado kuna maji.

Kisha kingo za jeraha huchongwa kwa mteremko mrefu, takriban mara 12 ya unene wa bodi. Bodi ya milimita 5 huhitaji mteremko wa milimita 60 kila upande, hivyo tundu la sentimita 10 hugeuka jeraha la sentimita 22. Wengi hushtuka hapa na kutaka kubandika kiraka kidogo. Lakini rezini mpya haiungani na faibaglasi kuukuu kama chuma kinavyochomelewa. Huishikilia tu, na kadiri eneo la kushikana lilivyo kubwa ndivyo kiraka kinavyodumu. Rezini ya epoksi hushika vizuri zaidi kuliko ya poliesta, ingawa ni ghali na jelikoti ya kawaida haikai vyema juu yake, kwa hiyo humaliziwa kwa rangi. Tabaka hujengwa moja baada ya nyingine hadi unene wa awali urudi.

Rezini ya poliesta haikauki kama rangi. Hugandishwa na kigumishi ambacho dukani huitwa hadena, kwa kawaida gramu 10 hadi 20 kwa kilo moja. Asubuhi za baridi za Julai jijini, mchanganyiko huweza kukaa laini kwa saa nyingi, na fundi mwenye haraka hushawishika kuongeza hadena. Matokeo ni kiraka kinachopata joto kali, kupasuka na hata kutoa moshi. Heri kungoja jua la saa sita.

Hapa ndipo majirani nao wanapohusika. Ikiwa rezini imeuzwa pamoja na kiharakishi cha kobalti, kiharakishi hicho kisichanganywe kamwe moja kwa moja na hadena, kwa sababu mchanganyiko huo hulipuka. Kimoja huchanganywa na rezini kikamilifu kwanza, ndipo kingine kifuate. Hadena ikiingia jichoni huweza kupofusha: jicho lioshwe papo hapo kwa maji safi yanayotiririka kwa angalau dakika 15, kisha mgonjwa apelekwe hospitali. Mvuke wa rezini na wa asetoni hushika moto, hivyo kazi isifanywe kwenye baraza la ploti karibu na jiko la mkaa wala katika chumba cha nyuma kisicho na dirisha. Vumbi la kusugua linahitaji barakoa yenye kichujio, na watoto wakae mbali.

Mabaki ya rezini yaachwe nje yagande na kupoa kabla ya kutupwa, kwani yakiwa moto ndani ya pipa lenye karatasi huwasha moto. Yasimwagwe mtaroni. Mitaro ya Kirinyaga Road ina safari fupi tu hadi Mto Nairobi, na Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 inakataza utupaji wa taka unaochafua mazingira.

Mashua inayobeba abiria wa kulipa ikaguliwe na mamlaka ya masuala ya baharini, KMA, kabla ya kurudi kazini. Ile ya matumizi binafsi, siku ya kwanza ifungwe ukingoni kwa saa kadhaa bila mtu ndani, sakafu ikiwa imepanguswa kavu. Kitambaa cheupe kikipitishwa juu ya kiraka kutoka ndani kitaonyesha hata tone dogo, mashua ikiwa bado imefungwa kwa kamba.