Motokari Ing'ae, Mapafu Yasalimike



Simama mbele ya motokari nyeusi au ya buluu wakati jua linapoipiga. Utaona mistari myembamba mingi ikizunguka mwanga wa jua kama utando wa buibui. Watu husema, "Rangi imezeeka." Sivyo. Rangi imekwaruzwa, na mara nyingi aliyeikwaruza ni yule yule aliyekuwa akiisafisha.

Katika Luberizi jambo hili si geni. Barabara ya Taifa namba 5 inayotoka Bukavu inashuka Ngomo, inapita Kamanyola, Luvungi na Bwegera, inafika Luberizi, kisha inaendelea Sange, Kiliba mpaka Uvira. Wakati wa kiangazi vumbi la bonde la Ruzizi hukaa juu ya kila kitu. Motokari inasimama, kijana anakuja na kitambaa kikavu, anapangusa upesi na kulipwa. Baada ya miezi michache mwenye motokari anatafuta fundi wa kuondoa mikwaruzo kwa mashini.

Wako wafanyakazi ambao siku ya mapumziko huifanya kazi hiyo ya kupolisha ili kuongeza kidogo cha kulisha watoto. Ni kazi ya halali. Ukurasa huu unataka uifanye bila kuacha hapo macho, vidole au pumzi yako.

ADUI NI YULE YULE

Ndani ya vumbi la barabara mna chembe za kwatsi, jiwe jeupe gumu ambalo mchimbaji analijua vizuri. Dhahabu ya Kamituga imelala katika mishipa ya jiwe hilo. Wataalamu hupima ugumu wa mawe kwa ngazi ya 1 hadi 10. Almasi ni 10, kwatsi ni 7, kioo cha dirisha ni karibu 5 na nusu. Rangi ya motokari ni laini kuliko kioo. Basi ukiisukuma chembe ya kwatsi chini ya kitambaa kikavu, wewe mwenyewe ndiwe unayechora mistari ile.

Kwatsi ikisagwa kuwa unga mwembamba usioonekana kwa macho, inaingia mpaka ndani kabisa ya mapafu. Mapafu hufanya makovu, pumzi hupungua mwaka kwa mwaka, na kifua kikuu hupata mlango wa kuingilia. Ugonjwa huo ni silikosi. Mwezi wa 8 mwaka 1930, Shirika la Kazi Duniani liliwakusanya wataalamu wa nchi mbalimbali huko Johannesburg kuuzungumzia. Mwaka 1997, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la kwatsi linalovutwa kazini katika orodha ya vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Mpaka leo hakuna dawa inayolirudisha pafu lililokwisha kufanya makovu.

Anayepangusa motokari hapati vumbi sawa na anayetoboa mwamba. Lakini mchimbaji anayetoka mgodini na kwenda kula vumbi tena siku ya mapumziko anaweka mzigo juu ya mzigo.

Njia ya kuzuia ni moja kwa mgodi na kwa motokari: MAJI. Mashini ya kutoboa mwamba hupewa maji ili vumbi life pale pale linapozaliwa. Motokari nayo humwagiwa maji mengi kabla mkono haujaigusa, kisha huoshwa kwa sabuni na kitambaa safi kinachosuuzwa kila mara.

KUPOLISHA NI KUPUNGUZA

Wengi hudhani kwamba dawa ya kupolishia inaujaza mkwaruzo kama udongo unavyojaza shimo. Sivyo. Sponji na dawa hula rangi iliyo kando ya mkwaruzo, mpaka uso wote ushuke na kulingana na chini ya mkwaruzo ule. Unaondoa, huongezi.

Je, kuna kiasi gani cha kuondoa? Motokari nyingi za leo zina rangi, na juu ya rangi zina vanishi inayoonyesha kama kioo. Vanishi ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa mikroni 40 hadi 50. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wa kichwa ni karibu mikroni 70. Hiyo vanishi nyembamba kuliko unywele ndiyo akiba yote, kwa maisha yote ya motokari. Kwenye kingo za milango na mikunjo ya bati huwa nyembamba zaidi.

Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha ukiteleza, mashini inaweza kuuondoa. Ukucha ukikwama, mkwaruzo ni wa kina. Mwambie mwenye motokari ukweli, kwamba unaweza kuufifisha lakini hautaondoka wote. Fundi mwaminifu huanza na sponji laini na dawa laini kwenye eneo dogo. Ikitosha, haongezi nguvu.

MASHINI YA KUKATIA SI YA KUPOLISHIA

Hapa ndipo penye hatari kubwa. Mashini ya kupolishia ni ghali, kwa hiyo wengine huchukua ile ya kukatia chuma, meuleuse, wanaondoa kinga yake na kufunga sponji. Ndugu, usifanye hivyo.

Mashini ndogo ya kukatia chuma huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Ya kupolishia huzunguka kati ya mara 600 na 3,000, na fundi anaweza kupunguza mwendo wake. Piga hesabu. Ukingo wa diski ya milimita 125 kwa mizunguko 11,000 unakwenda karibu kilomita 260 kwa saa. Kwa mizunguko 1,500 unakwenda karibu kilomita 35, mwendo wa baiskeli inayoteremka mlima.

Kwa mwendo ule wa kwanza, rangi huungua kabla hujaona. Sponji isiyotengenezwa kwa mwendo huo hupasuka, na vipande vyake hurukia uso. Na kinga iliyoondolewa ili sponji ienee, mara nyingi hairudi tena. Siku ya pili mtu anafunga diski ya kukatia kwenye mashini ile ile isiyo na kinga, na diski ikivunjika inakuta jicho wazi.

Soma mwendo ulioandikwa juu ya mashini, kisha usome ulioandikwa juu ya sahani inayoshika sponji. Mashini ikipita sahani, usiiwashe.

FANYA HIVI

1. Osha kwa maji, kausha, kisha ufanye kazi kivulini au asubuhi mapema. Bati lililopigwa na jua la bonde hukausha dawa upesi, na dawa iliyokauka inakuwa vumbi.

2. Vaa miwani ya kinga na kinga ya pua. Kama rafiki yako aliye hatua moja tu kutoka kwako hakusikii mpaka upige kelele, ziba masikio pia.

3. Vua saa, pete, mkufu na shali. Funga mikono ya shati. Kamba yoyote inayoning'inia ni mkono wa mashini wa kukuvutia kwake.

4. Pitisha waya wa umeme juu ya bega, nyuma yako, mbali na sponji. Waya uliochubuka usiufunge kwa plastiki, ubadilishwe. Usisimame ndani ya maji uliyooshea motokari. Jenereta ikae nje, kamwe isiwe ndani ya gereji iliyofungwa, kwa maana moshi wake unaua bila harufu ya kukuonya.

5. Weka sponji juu ya bati kwanza, ndipo uwashe. Fanya eneo la sentimita 50 kwa 50, polepole, kwa mikono miwili. Usilale juu ya mashini. Gusa bati kwa mgongo wa mkono. Likiwa moto, pumzisha.

6. Kaa mbali na antena, vipangusa-kioo na kingo za milango. Sponji ikizikamata, mashini inaruka mikononi. Funika kingo kwa utepe wa karatasi.

7. Kwa kufikia juu ya motokari ndefu, tumia jukwaa imara. Pipa lililogeuzwa si jukwaa.

8. Pumzika mara kwa mara. Wewe unayeshika mashini ya kutoboa juma zima umekwisha kuipa mikono mtikisiko wa kutosha. Vidole vikifa ganzi au vikigeuka vyeupe, acha kazi na umwone muganga.

PETROLI IKAE MBALI

Watu wa bonde hili hawahitaji kufundishwa moto ni nini. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange, likawaka, na watu zaidi ya 230 wakafa. Hata hivyo bado yuko anayeondoa lami kwa kitambaa cha petroli, kisha analeta mashini hapo hapo. Ndani ya mashini nyingi za umeme mna makaa yanayotoa cheche inapozunguka. Mvuke wa petroli hauonekani, nao hutambaa chini kama maji. Lami iondoe kwa mafuta ya kupikia na kitambaa, kisha uoshe kwa sabuni.

BAADA YA KAZI

Mabaki makavu ya dawa usiyapulize kwa mdomo wala kwa hewa ya kompresa. Yafute kwa kitambaa chenye unyevu.

Jihadhari zaidi na motokari na mashini za zamani zisizo na vanishi. Sponji ikichukua rangi ya bati, ujue unasaga rangi yenyewe. Rangi nyingi za zamani, hasa za njano na za machungwa, zilitiwa risasi, na risasi huharibu ubongo wa mtoto hata ikiwa kidogo. Rangi ya namna hiyo usiisage ikiwa kavu. Nawa mikono kabla ya kula au kuvuta sigara, na nguo za kazi usizifue pamoja na nguo za watoto.

Kikohozi kikidumu majuma mawili, au ukianza kutweta kwa kupanda kilima ulichokuwa ukikipanda bila shida, nenda ukapimwe. Mwambie muganga kazi zako zote mbili, ya mgodi na ya mapumziko. Asipojua vumbi unalokula, atatafuta ugonjwa mahali pengine.

Mwisho, usione haya kumwambia mwenye motokari, "Huu tuuache." Vanishi ikiisha, bado yuko fundi wa kuipaka upya, na bei yake inajulikana. Pafu likiisha, hakuna fundi. Mkwaruzo mmoja mlangoni haujamzuia mtu kufika Uvira.

MWAGA MAJI KWANZA. VAA KINGA. PUNGUZA MWENDO. Kazi njema!