Uzamili wa sanaa si shule ya kuchora

Ukivuka mpaka wa Tanzania na Kenya pale Sirari alfajiri, ukapita Migori na Rongo kuelekea Kisii, mchana haukukuti njiani. Utakuwa umeshafika Tabaka, kwenye vilima vya jiwe la sabuni. Jiwe hilo hutoka machimboni likiwa jeupe, la kijivu au lenye wekundu wa waridi. Ni laini kiasi kwamba panga na msumeno wa kawaida vinalimudu. Wachongaji hulikata uani, hulisugua kwa msasa ndani ya beseni la maji, kisha hulipaka nta likang'aa. Sehemu kubwa ya vinyago vya mawe unavyoviona katika maduka ya watalii ya Afrika Mashariki, vifaru na viboko na mabakuli yenye twiga, asili yake ni huko.

Huko ndiko alikozaliwa Elkana Ong'esa mwaka 1944. Alikulia kati ya wachongaji, akaenda kusomea sanaa Chuo Kikuu cha Makerere, baadaye akaendelea na masomo ya juu Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada. Sanamu yake ya ndege wa amani iko makao makuu ya UNESCO, Paris. Angeweza kubaki ughaibuni kama wengi walivyofanya. Alirudi Tabaka, akaendelea kuchonga jiwe lile lile la nyumbani, ila sasa si kwa vipimo vya begi la mtalii.

Nimeanza na jirani wa ng'ambo kwa makusudi. Wakurya na Wakisii lugha zao ni ndugu na mashamba yao hayako mbali. Kijana wa Tarime au Serengeti anayetaka kuishi kwa brashi au patasi, akiambiwa habari za Picasso, atatikisa kichwa kwa heshima na kurudi kwenye shughuli zake. Habari za mtu wa Tabaka zinamgusa, maana barabara ya kwenda huko anaijua.

Kikwazo cha kwanza kiko nyumbani. Sanaa za ufundi ni somo linalotahiniwa kidato cha nne, lakini shule zinazolifundisha ni za kuhesabu, na mwenye kipaji huishia kuchora ini na figo ubaoni kumsaidia mwalimu wa baiolojia. Akimaliza, atapata kazi ya kuandika majina ya saluni na maduka ya pembejeo. Akijitahidi akafika chuo kikuu na kupata shahada ya kwanza, kisha akarudi kwa baba kusema anataka kuendelea na uzamili wa sanaa, jibu unaweza kulikisia: "Mura, niuze tena ng'ombe ukasomee kuchora? Si unajua tayari?"

Swali la mzee lina mantiki kuliko tunavyotaka kukiri. Kweli kijana anajua kuchora. Anayefunga safari ya uzamili ili akafundishwe kuchora amepotea njia, na atarudi amekasirika. Kuchora hufundishwa diploma na shahada ya kwanza: pale TaSUBa Bagamoyo, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Profesa Elias Jengo, mwenyewe zao la Makerere, alifundisha vizazi vya wasanii na walimu. Uzamili ni biashara nyingine. Unanunua miaka miwili, chumba cha kufanyia kazi, na kundi la watu wasiokuonea haya.

Hao wasioona haya ndio wanaolipiwa ada. Vyuo vingi vina kikao cha kukosoana. Unatundika kazi zako ukutani asubuhi, wenzako wanakaa mbele yake, wengine sakafuni, mwalimu anasimama pembeni akiwa amekunja mikono. Kuna vyuo ambako mwenye kazi haruhusiwi kusema lolote mpaka wengine wamalize. Mmoja anauliza kwa nini picha ni kubwa namna ile. Mwingine anasema ile nyekundu inapiga kelele bila sababu. Wa tatu, ambaye hajawahi kufika Afrika, anauliza kwa nini kila picha ina nyumbu. Hapo ndipo patamu. Mwenye kazi ni mchoraji wa Mugumu, wilayani Serengeti, naye amechora nyumbu kwa sababu nyumbu wananunuliwa. Hajawahi kuulizwa kwa nini, na sasa amenyamazishwa, hana pa kukimbilia.

Nitetee lile swali la nyumbu. Misafara ya nyumbu ikivuka Mto Mara upande wa Kogatende ni jambo kubwa duniani, na sina ugomvi na anayeichora. Lakini tazama picha zinazouzwa kwenye njia za watalii: Mmasai mrefu kama mwanzi, mbuyu, jua linalozama. Mwikoma wa Serengeti hayumo. Mnata na Mngoreme hawamo. Nyamongo nayo haimo, ambako mgodi wa North Mara umechimba dhahabu tangu mwaka 2002, na vifusi vya mawe vimekuwa vilima vipya karibu na nyumba za watu. Ni sura ya nchi iliyobadilika mbele ya macho ya watu waliozaliwa hapo. Mchoraji mwenye miaka miwili ya kufikiri angeweza kuvikalia vilima hivyo mpaka vimpe kitu. Mwenye kodi ya kulipa mwisho wa mwezi atarudi kwa nyumbu, na simlaumu.

Wako watakaosema: mbona Edward Saidi Tingatinga hakusomea sanaa popote? Kweli. Mtu huyo wa Tunduru, aliyezaliwa mwaka 1932, alianza kuchora mwaka 1968 hivi kwa rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, akauza Oysterbay kwa wageni, na mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa makosa Dar es Salaam. Miaka minne tu, na jina lake limekuwa jina la mtindo mzima. Lakini waliomfuata wengi waliurithi mtindo bila kurithi uhuru wa aliyeuanzisha. Nusu karne baadaye bado chui ni yule yule mwenye madoa yale yale, kwa sababu soko halikutaka mwingine na hapakuwa na mahali pa kukaa bila soko. Tingatinga hakuhitaji uzamili. Wajukuu zake wa kisanaa pengine wangeuhitaji.

Mtanzania anayefaa kuangaliwa kwa karibu zaidi ni Sam Ntiro. Alizaliwa Machame mwaka 1923, akasoma Makerere katika shule ya sanaa iliyoanzishwa na Margaret Trowell, ile ambayo madarasa yake ya kwanza mwishoni mwa miaka ya 1930 yalikuwa barazani kwa mama huyo. Mwaka 1952 akaingia Slade, London, shule iliyokuwa na sifa ya kumfundisha mtu kuutazama mwili wa binadamu na kuuchora kwa vipimo. Ntiro alikaa humo mpaka 1955. Alipotoka, alichora migomba ya Kilimanjaro, watu wakilima, wakibeba pombe, wote wadogo ndani ya kijani kingi, bila kujali sana kanuni za umbali na kivuli alizozikuta London. Picha yake ya mwaka 1956, ya watu wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, imo katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York.

Wapo waliomsema kwamba Slade haikumfundisha kitu. Mimi nadhani ilimfundisha kukataa, na mtu hawezi kukataa asichokijua. Ila maisha yake yana upande wa pili ambao kijana wa leo aupige hesabu. Ntiro alikuwa mhadhiri Makerere, balozi wa kwanza wa Tanganyika huko London, mtendaji wa mambo ya utamaduni serikalini, kisha mhadhiri tena. Mpaka anafariki mwaka 1993 alikuwa ametumika mno. Nchi changa ilimhitaji kila mahali, na kila mahali palikuwa mbali na turubai. Hata leo, mwenye uzamili wa sanaa Tanzania anavutwa kwanza darasani. Mshahara ni mshahara. Lakini aliyesoma ili awe msanii ajue kwamba vipindi ishirini kwa wiki na marundo ya mitihani ya kusahihisha vinaweza kumla mtu mzima mzima, na brashi ikakaukia kwenye kopo.

Kizazi kipya kina mfano mwingine. Michael Armitage alizaliwa Nairobi mwaka 1984, akasoma Slade, kisha akamaliza mafunzo ya juu katika shule ya Royal Academy mwaka 2010. Turubai la Kizungu likamchosha. Kitu alichokitafuta alikikuta soko la watalii Nairobi, kikiuzwa kama kumbukumbu ya safari: lubugo, kitambaa cha gome la mtuba kinachotengenezwa na Waganda. Gome hubanduliwa mtini, hupigwa kwa nyundo za mbao mpaka likapanuka na kuwa laini. Likikauka huwa na matundu na makovu, na vipande huunganishwa kwa sindano. Armitage hayafichi matundu hayo. Mshono ukipita kwenye uso wa mtu, unapita, na rangi ya mafuta inalazimika kuuzunguka. Maonyesho yake makubwa yalipofika Royal Academy mwaka 2021, alitenga ukumbi kwa wasanii wa Afrika Mashariki waliomtangulia, akiwemo Elimo Njau wa Marangu na Theresa Musoke wa Uganda. Nairobi nako ameanzisha taasisi ya sanaa ya kisasa.

Magdalene Odundo alifanya jambo la namna hiyo kwa udongo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza kusomea sanaa ya matangazo ya biashara, akaiacha. Alikwenda Abuja, Nigeria, kukaa na wafinyanzi, na mwaka 1982 akapata uzamili Royal College of Art. Mitungi yake huijenga kwa mkono bila gurudumu, huisugua mpaka ing'ae bila kuipaka tabaka la kioo, na huchomwa ikatoka nyekundu kama tofali au nyeusi tii. Ufinyanzi wa kina mama wa Kiluo, ambao watu wa Rorya na Tarime wameununua sokoni miaka yote ili kuwekea maji, hauko mbali na mitungi hiyo.

Basi turudi mkoani Mara tukiwa na macho hayo. Mama anayekandika nyumba Nyamwaga au Ring'wani anachanganya udongo na samadi mbichi, anaupaka kwa kiganja, na vidole vinaacha mistari ya nusu duara ukutani. Samadi ikipungua, ukuta unapasuka ukikauka. Ikizidi, unabanduka. Huo ni ujuzi wa malighafi ambao mwanafunzi wa uzamili angeweza kuukalia mwaka mzima: utafanya nini juu ya ubao, juu ya gunia, ukichanganywa na gundi? Ndani ya Hifadhi ya Serengeti, kwenye miamba ya Moru, morani wa Kimasai walichora ngao kwa nyekundu, nyeupe na nyeusi, kabla jamii hiyo haijahamishwa kwenda Ngorongoro mwaka 1959. Karibu na hapo kuna mwamba unaolia kama kengele ukigongwa. Watalii hupiga picha na kuondoka. Sijui kwa nini michoro hiyo tumewaachia wao.

Fedha sasa. Mikopo ya HESLB imelenga zaidi shahada ya kwanza, kwa hiyo usiiwekee matumaini. Njia ya karibu ni Makerere au Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambako uzamili wa sanaa unafundishwa na nauli ni ya basi. Kwa Uingereza, ufadhili wa Chevening unapokea pia waombaji wa sanaa wenye uzoefu wa kazi wa miaka miwili, kwa sharti la kurudi nyumbani baada ya masomo na kukaa huko angalau miaka miwili. Lakini unalipia kozi ya mwaka mmoja tu, na shule kadhaa nzuri, Slade ikiwamo, kozi zake ni ndefu kuliko hapo. Wengi hugundua hilo wakiwa wameshajaza fomu. Shule ya Royal Academy hufundisha miaka mitatu bila ada, ila huchukua watu wachache sana, na London haiishiki kwa msamaha wa ada peke yake.

Mzazi akiuliza matunda yataonekana lini, mpe mfano wa Lubaina Himid, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1954 na kulelewa Uingereza. Uzamili wake aliupata Royal College of Art mwaka 1984. Tuzo ya Turner aliipata mwaka 2017, akiwa na miaka 63. Katikati hapo alichora, alifundisha, aliandaa maonyesho ya wenzake weusi ambao hakuna aliyewataka. Ng'ombe hulipa haraka zaidi, hilo tusibishane.

Kwa atakayeamua kwenda hata hivyo, kitakachosomwa kwanza ni picha za kazi zake, kabla ya vyeti. Asipeleke kazi moja moja za mitindo kumi kuonyesha anaweza yote. Apeleke kazi zinazofuatana, zinazoonyesha kuna swali linamsumbua. Maelezo yake yawe mafupi, ya nini anatengeneza na kwa vitu gani, na neno "kipaji" lisiwemo. Na picha zipigwe nje, kivulini, asubuhi, kamera ikiwa imesimama sawa na kazi, ukutani pasionekane kalenda ya mwaka juzi wala waya wa umeme.