Usinunue Mkokoteni kwa Rangi Yake

Huenda wewe ni mwalimu, karani au fundi mjini Nzega. Umepokea kiinua mgongo chako, au umejiwekea akiba kidogo kidogo, na nyumbani mmekubaliana kwamba fedha hizo zinunue mkokoteni wa ng'ombe. Uamuzi huo ni mwema. Wakati wa kuvuna mpunga na pamba mwenye mkokoteni hakosi wateja, na msimu ukipita bado kuna maji, kuni, matofali na mchanga. Lakini mkokoteni mpya una bei kubwa, hivyo unatafuta uliokwisha tumika. Hapo ndipo wengi wetu tunapouziwa mbuzi kwenye gunia.

Jirani yangu mmoja alinunua mkokoteni uliopakwa rangi ya kijani, unang'aa kama wa harusi. Safari ya tatu, ukiwa na magunia ya mpunga, gurudumu la kushoto lilichomoka mteremkoni. Mkokoteni hauna breki. Maksai mmoja akavunjika mguu, naye hakuwa wa jirani yangu bali wa kuazima. Deni la ng'ombe yule lilichukua karo ya watoto wake.

Yafaa kukumbuka ukubwa wa kazi tunayokitwisha chombo hiki. Katika karne ya 19 misafara iliyopita Unyanyembe iliwategemea wapagazi, kwa sababu mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo. Mpagazi alibeba kiasi cha frasila 2, yaani kilo 30 na ushei. Gunia 10 za mpunga zaweza kukaribia tani 1, mzigo wa wapagazi 30 hivi, na uzito wote huo unakaa juu ya ekseli moja na beringi chache usizoziona.

Basi anza na usivyoviona. Inua upande mmoja kwa jeki, au kwa gogo na jiwe, kisha zungusha gurudumu kwa mkono na utege sikio. Likizunguka kimya, vema. Likikwaruza kama lina mchanga ndani, beringi imekwisha. Halafu shika tairi juu na chini, ulisukume na kulivuta: likicheza, usikubali kuambiwa kwamba nati imelegea tu. Omba ikazwe papo hapo, ulitikise tena.

Mikokoteni yetu mingi imeundwa kwa ekseli za magari yaliyokufa, na nyingine zilipinda kabla gari halijafa. Kuitambua ekseli iliyopinda hakuhitaji fundi. Chukua kamba, pima nafasi kati ya tairi mbili upande wa mbele, kisha upande wa nyuma, kwa kimo kilekile cha katikati ya gurudumu. Vipimo vikipishana sana, tairi zitakuwa zinaburuzwa badala ya kuzunguka. Zitalika upesi, na maksai watachoka bure. Tazama pia palipochomelewa. Rangi mbichi juu ya kiungo cha chuma yataka kukwanguliwa kwa kisu, muuzaji apende asipende.

Mbao zisikusumbue sana. Ubao ulioliwa na mchwa hubadilishwa kwa siku moja, na mninga Tabora tunao. Tairi kipara nayo hununulika. Mimi ningechukua mkokoteni wenye sakafu mbovu na ekseli nzima, nikauacha wenye sakafu mpya na ekseli mbovu, hata kama bei ni nusu.

Kasoro ambayo wanunuzi husahau ni mizani. Pakia mzigo, usambaze sawasawa, kisha inua ncha ya mti unaofungwa nira. Ukiwa mzito mno, shingo za maksai zitachubuka na kuota vidonda. Ukielea juu wenyewe, ekseli imewekwa mbele kupita kiasi, na penye mlima nira itawakaba koo. Ikiwezekana, wafunge maksai uende nao nusu saa kwenye njia ya mchanga, kisha rudi uguse katikati ya magurudumu kwa kiganja. Pakiwa pa moto, umekwisha jibiwa.

Baada ya hapo ndipo mzungumze bei. Muulize fundi gharama ya kila kasoro, siyo muuzaji, kisha jumla hiyo uitoe katika bei anayoitaka. Asiyetaka mkokoteni wake uinuliwe wala upakiwe, mpe mkono wa kwaheri.

Mkikubaliana, andikeni hati ya mauziano mbele ya mwenyekiti wa mtaa au kitongoji, pamoja na mashahidi wanaojua mkokoteni ulitoka kwa nani. Ndani yake zitajwe ekseli, magurudumu yote mawili, minyororo na nira. Nimepata kuona mkokoteni ukikabidhiwa bila nira, na muuzaji akidai kwamba hiyo ilikuwa ya maksai.