Kwa Nini Midomo na Sauti Huachana Katika Filamu

Wasomaji wa gazeti letu, bila shaka mmekwisha kuona filamu ambayo mtu hufumba mdomo na huku maneno yake yangali yakisikika. Wengi hucheka tu, wakadhani kwamba mashine ni mbovu. Mara nyingi mashine si mbovu hata kidogo. Kila moja imefanya kazi yake sawasawa, ila hesabu zao hazikupatana. Napenda kueleza hapa jinsi jambo hili linavyotokea na jinsi ya kulitengeneza, kwa sababu siku hizi makampuni, vyama vya ushirika na hospitali hueleza kazi zao kwa filamu, na wengi kati yetu tutaombwa kuzitengeneza.

Kwanza yafaa tujue filamu ni nini. Filamu ni picha nyingi zilizosimama, zinazoonyeshwa upesi moja baada ya nyingine hata jicho likadanganyika. Ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, walipowaonyesha watu sinema mjini Paris tarehe 28 Desemba 1895, picha zilipita kama 16 kwa sekunde, na filamu yenyewe haikuwa na sauti. Mwaka 1927 filamu iitwayo The Jazz Singer ilionyeshwa huko Marekani, na sauti yake ilikuwa katika sahani za santuri zilizozungushwa pamoja na mashine ya picha. Ukanda ulipokatika na picha chache zikatupwa, tangu hapo sauti ilibaki nyuma mpaka sahani ile ikaisha. Kwa hiyo mafundi walilazimika kuunga ukanda kwa picha nyeusi, idadi ile ile ya zilizopotea. Vyombo vimebadilika, lakini sheria ni ile ile: picha na sauti ni wasafiri wawili, na kila mmoja ana mwendo wake. Wakianza pamoja, bado si lazima wafike pamoja.

Je, sauti ikichelewa kidogo mtu atatambua? Shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, yaani ITU, lilitoa vipimo vyake mwaka 1998. Watazamaji hutambua kosa sauti ikitangulia picha kwa sehemu 45 za elfu za sekunde; bali ikichelewa, hawatambui mpaka zifike kama sehemu 125. Sababu yake ni rahisi kuifikiri. Ukimtazama mtu anayekata kuni ng'ambo ya bonde, unaliona shoka likishuka kabla hujasikia mlio wake, maana sauti huenda kama mita 340 tu kwa sekunde. Tumezoea tangu utoto sauti ije nyuma ya picha. Lakini hatujapata kuona mlio ukilitangulia shoka.

Sasa nitaeleza kisa kimoja, ili hesabu hizi zisionekane kuwa za darasani tu. Chama kimoja cha ushirika cha wakulima wa kahawa, hapa upande wa mlima Elgon, kilimwajiri fundi atengeneze filamu ya dakika kumi. Ndani yake Mwenyekiti alieleza bei ya kahawa, na kwa nini chama kitake kukopa fedha za kununua mashine mpya ya kumenya buni. Wanachama wengi ni wazee wasiosoma, kwa hiyo filamu ndiyo iliyokuwa taarifa yao. Ilipoonyeshwa, mwanzo walitulia. Kabla haijaisha walianza kunong'onezana, na mzee mmoja akasimama akasema, "Mdomo ni wake, lakini maneno ni ya nani?" Watu wengi wakamwunga mkono. Walidhani kwamba maneno ya mkopo yamepachikwa baadaye na watu wenye hila. Mkutano ukavunjika bila kura kupigwa, na Mwenyekiti, ambaye alikuwa amesema kweli tupu, akarudi nyumbani akiwa ameshukiwa wizi.

Katibu wa chama alileta picha na sauti za asili kwa kikundi chetu cha filamu hapa shuleni. Jambo la kwanza tulilofanya ni kupima, wala si kusukuma sauti huku na huku kwa kubahatisha. Tulitafuta mahali ambapo Mwenyekiti anatamka herufi P, B na M, kwa sababu hapo midomo haina budi kufungana, na macho hayawezi kukosea. Tukaona hivi: mwanzoni hapana tofauti, dakika ya 5 sauti imechelewa picha 9, dakika ya 10 imechelewa picha 18.

Hapo ndipo penye siri ya kazi yote. Kama kuchelewa ni kule kule tangu mwanzo hata mwisho, sauti iliwekwa mahali pasipo pake, nawe utaisogeza mara moja tu. Lakini kama kuchelewa kunazidi sawasawa, basi mwendo wa mmoja wa wasafiri umekosewa, na ukimsogeza hapa ataharibika kule.

Filamu ile iliwekwa kwenda picha 30 kwa sekunde, yaani picha 18,000 kwa dakika kumi. Picha 18 katika 18,000 ni sehemu moja katika elfu. Kila fundi wa filamu aijua namba hiyo. Televisheni ya Marekani ilikwenda picha 30 kwa sekunde mpaka mwaka 1953, wahandisi walipotaka kuongeza rangi pasipo kuzifanya televisheni za zamani zisizokuwa na rangi kuwa takataka. Ili mawimbi ya rangi yasigombane na mawimbi ya sauti, walipunguza mwendo kwa sehemu moja katika 1,001, ukawa 29.97. Kamera nyingi hata leo huandika "30" usoni, na kumbe ndani zinakwenda 29.97. Kamera ya fundi yule ilikuwa ya namna hiyo, na sauti ilinaswa kwa chombo kingine kinachofuata saa ya kweli. Katika dakika kumi kamera ilipiga picha 17,982. Zilipopitishwa kwa mwendo wa 30 kamili, zilikwisha mapema kwa sekunde 0.6, na sauti ikabaki nyuma. Hivyo shauri lililokatwa Marekani mwaka 1953 lilivunja mkutano wa wakulima wa Elgon!

Dawa yake ilichukua muda mfupi kuliko ugonjwa. Tuliiambia programu ya kuhariri kwamba mwendo wa kweli wa picha ni 29.97, tukaipanga filamu yote kwa mwendo huo, tukapima tena herufi P, B na M mwanzo, katikati na mwisho. Midomo ikapatana na maneno. Filamu ilipoonyeshwa mara ya pili, wanachama walibishana sana juu ya mkopo, na mwisho wakaukataa kwa kura. Lakini safari hii waliukataa mkopo wenyewe. Hapana aliyesema kwamba maneno si ya Mwenyekiti.

Ziko sababu nyingine ambazo yafaa mzijue. Ya kwanza ni simu za mkononi. Simu haishiki mwendo mmoja kama kamera kubwa. Ikiingia katika nyumba yenye giza yaweza kupunguza picha ili kila moja ipate mwanga wa kutosha. Dalili yake ni kwamba sauti na midomo huachana, hupatana, kisha huachana tena. Kabla ya kuhariri, ipitishe filamu hiyo katika programu kama HandBrake au FFmpeg, ambazo hutolewa bure, ukaiamuru ishike mwendo mmoja tangu mwanzo hata mwisho.

Ya pili ni vipimo vya sauti. Sauti katika kompyuta hupimwa mara nyingi kila sekunde: katika sahani za CD ni mara 44,100, na katika filamu kwa kawaida ni mara 48,000. Sauti ya 48,000 ikichezwa kama kwamba ni ya 44,100, dakika kumi huwa dakika 10 na sekunde 53, na sauti ya msemaji huwa nzito kuliko ilivyo. Ukisikia sauti imekuwa nzito, usihangaike na picha. Tazama namba hizo kwanza.

Ya tatu ni umbali. Katika filamu ya picha 25 kwa sekunde, kila picha hukaa sehemu 40 za elfu za sekunde, na kwa muda huo sauti husafiri karibu mita 14. Ukinasa hotuba kwa maikrofoni ya kamera iliyosimama nyuma ya ukumbi, mita 28 kutoka kwa msemaji, sauti imekwisha kuchelewa picha mbili. Peleka maikrofoni karibu naye.

Ya nne hudanganya mafundi wenyewe. Vipokea sauti vya masikioni visivyo na waya mara nyingi huchelewesha sauti, na kumbe filamu ni nzima. Sikiliza kwa vyenye waya kabla ya kutengeneza kisichoharibika.

Tena, umeme wa nchi zetu za Afrika Mashariki ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde. Kwa hiyo ukipiga picha ndani ya nyumba, chagua mwendo wa picha 25, na kila picha ipate mwanga kwa sehemu moja ya 50 ya sekunde. Ndipo mistari myeusi haitapita juu ya uso wa msemaji.

Basi, ndugu zangu, mkipewa kazi ya namna hii, shikeni mambo manne. Vyombo vyote viwekwe mwendo mmoja, na namba zake ziandikwe katika daftari. Mtu apige makofi mara moja mbele ya kamera mwanzoni, na mara moja tena mwishoni, ili muwe na alama mbili za kupimia. Picha na sauti za asili zisifutwe mpaka mwenye kazi ameridhika. Na filamu itazamwe mpaka mwisho kabla haijatoka mikononi mwenu, maana kosa la namna hii halionekani katika dakika ya kwanza. Kazi hii haitaki mashine za gharama kubwa. Yataka hesabu ya kugawanya na kuzidisha, ambayo sote tulifundishwa tungali wadogo.

Mwanafunzi wa Darasa la Sita