Je, Wajua? Saini ya Juba, Shamba la Kitale

Je, wajua kwamba Juba na Nairobi hazifuati saa zilezile? Tarehe 1 Februari 2021 Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma kwa saa moja nzima, ikaachana na majira ya Nairobi na Kampala na kuungana na Kigali na Bujumbura. Khartoum ilikuwa imetangulia mwaka 2017. Anayevuka mpaka kutoka Elegu ya Uganda kuingia Nimule ya Sudan Kusini anapewa saa moja ya bure, akirudi ananyang'anywa.

Kwa muuza nyanya wa soko la Konyo Konyo mjini Juba hilo halina uzito. Lakini mtu mwenye karatasi ya kusaini huliona. Wakili wake wa Kitale, Kenya, akifungua ofisi saa mbili asubuhi, Juba ni saa moja. Na mtu akitia saini Juba saa tano na nusu usiku siku ya mwisho wa mwezi, Kenya imeshaingia tarehe mosi. Tarehe ipi iandikwe? Ni ya mahali kalamu ilipogusa karatasi. Tanzania, kwa mfano, ina sheria yake ya wathibitishaji na makamishna wa viapo, Sura ya 12, inayomtaka anayemwapisha mtu aandike jina lake mwenyewe, mahali kiapo kilipofanyika na tarehe yake. Mahakama ya Rufani ya nchi hiyo imewahi kuyatupa maombi mazima kwa sababu tu kiapo kilichoyabeba kilikuwa na upungufu hapo chini, kwenye mistari ile ambayo wengi hawaisomi.

Wageni walioko Juba wenye shida hii ya kusaini karatasi za nyumbani ni wengi. Baada ya mkataba wa amani wa Sudan uliotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, Wakenya na Waganda waliingia mjini humo kwa makundi: mafundi wa ujenzi, madereva wa malori, walimu, wenye hoteli, watu wa benki na wa mashirika. Benki ya KCB ilifungua milango mwaka 2006, miaka mitano kabla ya nchi kupata uhuru. Wengi wao hula na kulala Juba, lakini akili na akiba ziko nyumbani: ploti ya Kitengela, nyumba ya Mukono, shamba la baba linalogawanywa. Hayo yote yanadai saini ya mtu ambaye hayupo, na dawa yake ni hati ya uwakili, yaani karatasi inayompa ndugu au rafiki uwezo wa kusaini kwa niaba yako.

Je, wajua kwamba muhuri wa mthibitishaji hausemi lolote kuhusu ukweli wa hati yenyewe? Watu hudhani karatasi ikishagongwa imekuwa kweli. Sivyo. Muhuri unasema jambo moja jembamba sana: huyu mtu alikuja mbele yangu, nikamtambua kwa pasipoti au kitambulisho chake, akasaini nikimwona. Hati ya kiapo inaongeza kwamba aliapa au alithibitisha. Basi. Uongo ukiwa ndani ya karatasi, unabaki kuwa uongo wa aliyesaini, ila sasa una tarehe na shahidi, na mwenye kuusema anaweza kushtakiwa. Ndiyo maana kosa la kwanza la wengi ni kufika ofisini karatasi ikiwa tayari imesainiwa usiku uliopita mezani kwa chakula. Mthibitishaji mwaminifu ataikataa, na asipoikataa, mwogope.

Uthibitishaji wenyewe huchukua dakika chache. Unatoa pasipoti, inalinganishwa na uso wako. Unaandika herufi za kwanza za majina yako pembeni mwa kila ukurasa, ili mtu asichomoe ukurasa wa tatu na kupachika mwingine, kisha unasaini jina kamili mwishoni. Muhuri wa mpira unagongwa, na mara nyingine unafuata ule mkavu usio na wino, unaobinya karatasi hadi ikavimba. Huo wa pili vidole vinauhisi lakini mashine ya fotokopi haiuoni vizuri, na simu ndiyo kabisa. Wanaotuma picha ya hati kwa WhatsApp na kungoja shamba lihamishwe hugundua hivyo baada ya wiki mbili.

Sasa uje ushangae kidogo. Sheria ya zamani ya Kenya ya ardhi iliyosajiliwa, ile Sura ya 300 iliyotumika hadi 2012, iliigawa dunia mara mbili. Hati iliyosainiwa ndani ya Jumuiya ya Madola ingeweza kuthibitishwa na hakimu au mthibitishaji wa huko huko. Iliyosainiwa nchi nyingine ilitafutiwa ofisa wa ubalozi wa Kenya au hata wa Uingereza. Rwanda haikutawaliwa na Waingereza, lakini iliingia Jumuiya ya Madola mwaka 2009. Sudan ilitawaliwa na Waingereza pamoja na Wamisri kuanzia 1899 hadi uhuru wa 1956, na Juba ikaendeshwa na maofisa wa Kiingereza, lakini nchi hiyo haikuingia kamwe, na Sudan Kusini ilizaliwa ikiwa nje. Kwa hiyo kati ya 2009 na 2012 Mkenya aliyeishi Kigali, mji ambao Waingereza hawakuutawala kamwe, alikuwa na njia fupi kuliko mwenzake wa Juba. Mantiki yake mimi sijaiona, ila sheria za ardhi hazijawahi kutungwa kwa ajili ya kufurahisha watu wa mantiki.

Kigali imeipita Juba kwa jambo jingine pia. Tarehe 5 Oktoba 1961, huko Hague, nchi kadhaa zilikubaliana kufupisha safari ya karatasi. Badala ya mlolongo wa mthibitishaji, kisha wizara, kisha wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi wa nchi inakokwenda hati, zikaafiki cheti kimoja kiitwacho apostille kinachotosha katika nchi zote wanachama. Mkataba wenyewe umepanga hadi umbo lake: mraba wenye upande usiopungua sentimita 9, vipengele 10 vyenye namba, na kichwa cha habari ambacho lazima kiandikwe kwa Kifaransa, hata kama cheti kimetolewa Lilongwe au Beijing. China iliingia Novemba 2023, Kanada Januari 2024. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, Burundi ilitangulia mwaka 2015 na Rwanda ikafuata Juni 2024. Kenya, Uganda, Tanzania na Sudan Kusini zilibaki nje, kwa hiyo baina ya Juba na Kitale mlolongo wa kale ndio unaotawala, hata kama malori ya unga yanapita kila siku.

Kinachookoa ni ubalozi. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu mahusiano ya kikonseli, katika ibara ya 5, unamruhusu konseli kufanya kazi ya mthibitishaji mradi sheria ya nchi aliyomo haikatazi. Mkenya au Mganda aliyeko Juba akisaini mbele ya ofisa wa ubalozi wake, muhuri unaogongwa ni wa nchi yake mwenyewe, na ofisi ya ardhi ya nyumbani haina haja ya kuuliza huyu aliyeuweka ni nani. Marekani nayo hufanya hivyo katika balozi zake kwa hati zinazokwenda kutumika kwao, na hutoza dola 50 kwa kila muhuri. Zingatia: kila muhuri, si kila hati. Mtu wa Juba mwenye kaka Omaha, Nebraska, mji wenye Wasudani Kusini wengi, akiwa na karatasi tatu za kugongwa atoe dola 150.

Na kazi hii ya makonseli si ngeni pwani yetu. Marekani iliweka konseli Unguja mwaka 1837, Uingereza ikafuata mwaka 1841. Miaka ya 1860 na 1861 konseli wa Uingereza huko, Christopher Rigby, aliandika vyeti vya uhuru kwa maelfu ya watumwa waliomilikiwa na Wahindi waliohesabiwa kuwa raia wa himaya ya Kiingereza. Sijui kama kuna muhuri wa konseli uliowahi kubeba mzigo mkubwa kuliko huo katika bahari hii.

Waingereza wenyewe wana ajabu yao: tangu sheria ya mwaka 1533, mthibitishaji wa Uingereza huteuliwa kwa mamlaka ya Askofu Mkuu wa Canterbury, kupitia mahakama yake ndogo. Kenya ilimwondoa askofu katika habari hii. Huko mteuzi ni Jaji Mkuu, na mteuliwa awe wakili aliyetimiza miaka mitano kazini.

Je, wajua kwamba Uganda saini isiyosomeka inaweza kukuangusha? Sheria yake ya usajili wa hatimiliki inataka saini iwe kwa herufi za Kilatini, na kama si hivyo, jina liandikwe upya kwa herufi hizo mbele ya shahidi, pamoja na cheti chake. Juba, ambako wazee wengi walisoma kwa Kiarabu na husaini kwa Kiarabu, sharti hilo si la kuchekesha. Lakini mwaka 2007, katika kesi moja, Mahakama ya Juu ya Uganda ililipeleka mbali zaidi: mkwaruzo wa kalamu ambao hakuna awezaye kusoma ni wa nani, bila jina chini yake, haukidhi sharti. Kwa hiyo zile saini za mabosi zinazofanana na nyoka aliyekanyagwa ziandikiwe jina kwa herufi za kusomeka.

Kesi hiyo hiyo ina funzo kubwa zaidi kwa walio mbali. Mwenye nyumba alikuwa ameipa kampuni uwakili, kampuni ikaenda benki ikaiweka nyumba rehani kwa mkopo wake yenyewe. Mahakama ikasema uwakili hutumika kwa manufaa ya aliyeutoa. Anayetaka kuutumia kwa faida yake awe ameruhusiwa waziwazi ndani ya hati, na asaini kwa jina la mwenye mali, si kwa jina lake. Mwenye nyumba alishinda, baada ya kupanda hadi mahakama ya mwisho. Ukiwa Juba huna muda wala nauli ya kupanda hivyo, basi andika uwakili maalumu: namba ya ploti, kazi moja, na bei ya chini kabisa usiyotaka ivukwe. Uwakili wa jumla kwa shemeji ni ukarimu uliopita kiasi.

Wenyeji wa Juba nao wana karatasi zao za kusumbua. Vita vya miongo viliwaacha wengi bila cheti cha kuzaliwa, na hospitali hutoa cheti cha makadirio ya umri. Ndiyo sababu Wasudani Kusini wengi, pamoja na vijana waliopelekwa Marekani kutoka kambi ya Kakuma, wamezaliwa tarehe 1 Januari kwa maandishi. Aliyesoma Kenya kwa majina mawili, kisha akapata pasipoti yenye matatu, lake, la baba na la babu, hulazimika kuapa kwamba watu hao wawili ni mmoja. Na cheti chake cha Khartoum kikiwa cha Kiarabu, kinataka tafsiri iliyoapiwa, kwa sababu katiba ya 2011 ilifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi.

Kuhusu kusaini mtandaoni mbele ya kamera, jimbo la Virginia lilitangulia Marekani yote kwa sheria ya 2011 iliyoanza kazi Julai 2012. Kenya ilifungulia mlango saini za kielektroniki kwa marekebisho ya sheria za biashara ya Machi 2020. Hata hivyo karatasi nyingi za Juba bado husafiri ndani ya bahasha, kwa basi la Kampala, kwenye lami ya kilomita 192 hadi Nimule iliyokamilika mwaka 2012.

Jambo moja la mwisho ambalo mashemeji hawalipendi. Uwakili wa kawaida hufa na aliyeutoa: akifariki Juba alfajiri, saini atakayotia wakili wake Kitale adhuhuri haina nguvu, hata kama muhuri ungali mbichi. Akiwa hai naye akibadili nia, simu ya hasira haitoshi. Kama uwakili ulisajiliwa ofisi ya ardhi, hati ya kuufuta nayo isainiwe mbele ya mthibitishaji au ubalozini, ipelekwe kwenye ofisi ileile, na nakala imfikie aliyekuwa wakili pamoja na kila benki aliyokuwa amekwenda kwa jina lako.