Karatasi moja na mwiba: tuwasaidie watoto wetu katika hesabu



Katika makanisa yetu kuna watoto waliopoteza miezi, hata miaka ya masomo kwa sababu ya kukimbia vita. Wakirudi darasani wanakuta wenzao wamekwisha kufika mbali. Katika masomo ya kufidia tunayofanya mchana ndani ya kanisa, tulimwona msichana mmoja aliyefunga daftari lake kila mara mwalimu alipoandika ubaoni (-3, 2). Tulipomuuliza, akajibu: "Pasta, hii si ya watu kama mimi." Neno hilo lilituumiza.

Somo lenyewe ni la plani kartezia. Limepata jina kwa Mfaransa René Descartes, aliyetoa kitabu chake cha jiometri mwaka 1637. Mistari miwili inakatana penye sifuri, na kila nukta inapewa namba mbili: ya kwanza inasema umbali wa kwenda kando, ya pili umbali wa kupanda au kushuka.

Mwalimu alituonyesha njia isiyohitaji pesa. Inatosha karatasi moja ya daftari yenye vyumba vidogo, kalamu na mwiba au sindano.

1. Kunja karatasi katikati, upande wa kushoto uje juu ya upande wa kulia. Kunja tena, chini ije juu. Fuata mistari ya vyumba.

2. Kunjua. Mikunjo miwili imefanya msalaba. Pale inapokutana andika 0. Kuelekea kulia na juu andika 1, 2, 3. Kuelekea kushoto na chini andika -1, -2, -3.

3. Tafuta nukta (3, 2): tembea kwanza hatua 3 kulia, halafu panda 2. Watoto wengi hugeuza wakafika (2, 3). Waambie: hakuna anayepanda ngazi kabla ya kuifikia.

4. Kunja karatasi tena kama mwanzo, toboa penye nukta hiyo mpaka chini, kisha kunjua.

Matundu yatakuwa manne: (3, 2), (-3, 2), (-3, -2) na (3, -2). Mtoto anaona kwa macho yake kwamba umbali ni ule ule. Alama tu ndiyo iliyobadilika, kwa sababu upande umebadilika.

Kisha tulifungua ramani. Ikweta inapita katika Kivu ya Kaskazini: Butembo iko juu yake kidogo, Lubero chini kidogo. Tukiifanya ikweta kuwa sifuri, Bunia iko karibu na 1.5, na Bukavu karibu na -2.5. Tukawauliza watoto: je, Bukavu ina upungufu kwa kuwa chini ya sifuri? Wakacheka. Alama ile inaonyesha upande tu, haipunguzi kitu.

Yule msichana alitoboa karatasi yake, akahesabu matundu mara mbili, halafu akamweleza mdogo wake. Bado ana mengi ya kufidia, lakini daftari halifungi tena.

Wazazi, wamama wa kanisa, vijana wa kwaya: hata asiyesoma sana anaweza kukaa na mtoto na kukunja karatasi pamoja naye. Tujaribu juma hili.

Bwana awabariki.