Ubini na Jina la Ukoo: Asili na Uhaba wa Majina ya Familia katika Mwandiga na Ujiji

Miongoni mwa istilahi zitumikazo kila siku ofisini, mahakamani na shuleni, ni chache zilizo na utata kama ile inayosimama badala ya neno la Kiingereza "surname". Fomu moja huandika "jina la ukoo", ya pili "ubini", ya tatu "jina la familia", na nyingine husema tu "jina la mwisho". Mtayarishaji wa fomu hudhani kwamba maneno hayo manne yana maana moja. Mjazaji naye hujibu lile swali aliloulizwa. Matokeo yake ni kwamba ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kutoka ofisini na vyeti vyenye majina ya mwisho yaliyo tofauti, na wote wawili wawe wamesema kweli.

Katika makala hii tunakusudia kueleza jinsi jina la familia linavyopatikana, na kwa nini baadhi ya majina hayo huwa adimu na mengine huenea. Tumechukua mfano wa Mwandiga, nje kidogo ya mji wa Kigoma katika barabara iendayo Kasulu, pamoja na jirani yake Ujiji, kwa kuwa hapo hukutana desturi mbalimbali za kutaja mtu. Mwishoni tutapendekeza namna ya kuyagawa maneno yetu ili kila moja lifanye kazi yake.

Desturi ya nasaba

Desturi ya kwanza ni ile iliyokuja na Uislamu na biashara ya misafara kutoka pwani. Mtu hutajwa kwa jina lake, likifuatiwa na la baba yake, kisha la babu yake, yakiunganishwa kwa neno "bin" kwa mwanamume na "binti" kwa mwanamke. Mfano mwema ni anwani ya kitabu mashuhuri cha Kiswahili, Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip. Ndani ya anwani hiyo moja mna majina ya aina nne. Hamed ni jina lake mwenyewe. Muhammed ni jina la baba yake. El Murjebi ni nisba, yaani jina lionyeshalo kabila au ukoo wa asili yake huko Arabuni. Tippu Tip ni lakabu aliyopewa na watu wa bara. Vivyo hivyo mtawala wa Ujiji katika miaka ya 1880, Muhammad bin Khalfan el Barwani, alijulikana zaidi kwa lakabu ya Rumaliza, yaani mmalizaji.

Katika desturi hii hakuna jina moja linaloshuka bila kubadilika kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu, isipokuwa nisba, na watu wengi hawana nisba. Juma bin Rashidi akimzaa Saidi, mtoto ataitwa Saidi bin Juma. Jina Rashidi litabaki mahali pa tatu, na katika kizazi kinachofuata litatoka kabisa. Neno "ubini" limeundwa kutokana na "bin" hiyo hiyo, na kwa asili yake lilitaja uhusiano wa mwana na baba. Ukoo mzima haukuwa ndani ya maana yake.

Desturi ya Waha na jirani zao

Desturi ya pili ni ya Waha, ambao lugha yao ina undugu wa karibu sana na Kirundi na Kinyarwanda. Katika jamii hizi, kwa desturi ya zamani, kila mtoto alipewa jina lake peke yake. Jina hilo lilieleza hali ya kuzaliwa kwake, imani ya wazazi wake, au maneno waliyotaka jirani wayasikie. Hakulirithi kwa baba, wala hakutarajiwa kuwarithisha wanawe.

Baadhi ya majina hayo hufuata utaratibu maalumu. Pacha wa kwanza huitwa Bukuru, kutokana na mzizi wenye maana ya ukubwa, na wa pili huitwa Butoyi, kutokana na ule wenye maana ya udogo. Mtoto anayezaliwa baada ya mapacha huitwa Ciza, jina ambalo upande wa Tanzania huandikwa Chiza. Mtoto wa saba huitwa Nyandwi na wa nane Minani, kwa kuwa katika Kirundi "ndwi" ni saba na "munani" ni nane. Majina mengine humtaja Mungu, ambaye kwa lugha hizo ni Imana: Habimana ni kusema kwamba Mungu yupo, na Nsabimana ni kusema "namwomba Mungu". Yapo pia majina ya manung'uniko, kama Baranyanka, yaani "wananichukia", ambalo mzazi humpa mtoto ili kuwajibu wabaya wake.

Ukoo ulikuwapo, na bado upo. Warundi huuita "umuryango". Lakini jina la ukoo halikufuatishwa nyuma ya jina la mtu kila alipoitwa. Lilitajwa pale lilipohitajika, kwa mfano wakati wa kuulizana asili. Kwa hiyo Mha wa zamani aliyeulizwa jina la ukoo angeweza kutoa jibu sahihi kabisa, na jibu hilo lisingefanana na neno lolote lililo katika cheti chake cha leo.

Jinsi jina la mtu linavyokuwa jina la familia

Wamisionari wa London Missionary Society walifika Ujiji mwaka 1878, na Mapadri Weupe wakafika mwaka 1879. Baadaye ukaja utawala wa Kijerumani, kisha wa Wabelgiji na wa Waingereza, pamoja na vitabu vya ubatizo, orodha za kodi na rejista za shule. Daftari hizo zilihitaji majina mawili au matatu kwa kila mtu. Jina jipya la dini likawekwa mbele, na lile la asili, liwe la mtu mwenyewe, la baba au la babu, likawekwa nyuma. Lilipokwisha kuandikwa katika cheti, lilianza kurithiwa.

Mfano unaojulikana na kila Mtanzania ni jina la Mwalimu Julius Kambarage Nyerere. Baba yake, Mtemi Nyerere Burito, alipewa jina la Nyerere kutokana na viwavi waliovamia nchi wakati wa kuzaliwa kwake, kwa kuwa hiyo ndiyo maana ya neno hilo katika Kizanaki. Hilo lilikuwa jina la mtu mmoja kwa tukio moja. Watoto wake walipolitumia kama jina la mwisho, na wajukuu wakalipokea, likawa ubini wa familia nzima. Laiti karani wa shule angeliandika jina la babu, familia hiyo leo ingaliitwa Burito.

Sasa tuchukue mfano wa Mwandiga, ambao tumeuunda kwa ajili ya maelezo tu. Mzee mmoja alizaliwa wa nane, akaitwa Minani. Alimzaa mwana aliyekuwa pacha wa kwanza, akaitwa Bukuru. Bukuru naye ana watoto wawili. Mkubwa aliandikishwa shuleni kwa jina la baba, akawa Saidi Bukuru. Mdogo aliandikishwa kwa jina la babu, akawa Zainabu Minani. Baba anapofariki, watoto hao wanakwenda kuomba haki zao za mirathi. Karani asiyeijua desturi hii huona majina mawili yasiyopatana, akatilia shaka undugu wao. Hapo huanza safari za viapo, mashahidi na barua za serikali ya mtaa, ambazo humgharimu mwananchi siku na nauli. Chanzo cha taabu yote ni swali moja la fomu ambalo halikueleza linataka jina la nani.

Kwa nini jina huwa adimu

Watu wengi huamini kwamba jina adimu ni dalili ya ukoo mmoja wa kale, na kwamba wote walio na jina moja ni ndugu. Imani hiyo yahitaji kuangaliwa kwa makini, na hapa yafaa tutazame mbali kidogo, katika nchi za Waslavi, ambako majina ya familia yamechunguzwa kwa muda mrefu.

Kwa Warusi jina Ivanov hutokana na Ivan, na maana yake ni "wa Ivan". Kwa kuwa akina Ivan walikuwa wengi katika kila kijiji, jina hilo lilizuka mahali pengi, kila mahali peke yake. Hivyo wenye jina hilo ni wengi mno, na wengi wao hawana undugu wowote. Jina lililotokana na lakabu ya mtu mmoja, au na kitongoji kidogo, laweza kuwa lilizuka mara moja tu. Kama uzao wa kiume ulikuwa mchache, jina hilo hubaki kwa watu wachache au hutoweka, kwa kuwa katika desturi hiyo hupitia kwa wana wa kiume.

Kanuni hiyo hiyo yaeleza majina ya Mwandiga. Minani na Bukuru ni kama Ivanov. Kila nyumba yenye watoto wanane au yenye mapacha yaweza kuwa chanzo chake, na wingi wa jina hauthibitishi undugu. Jina la tukio au la manung'uniko laweza kuwa adimu, lakini uhaba wake hauthibitishi ukale, kwa kuwa huenda lilianza kurithiwa kizazi kimoja tu kilichopita.

Sababu nyingine ya uhaba ni tahajia. Mtunzi wa muziki wa Kirusi, Tchaikovsky, huandikwa pia Chaikovsky na Čajkovskij, kwa kuwa jina lake hutoka katika alfabeti nyingine. Ciza wa Burundi na Chiza wa Kigoma ni jina moja katika tahajia mbili. Anayehesabu kwa kutazama herufi tu atapata majina mawili, na lile lenye watu wachache ataliita adimu.

Waslavi wanatufundisha na mambo mengine mawili. Mwanaanga Yuri Alekseyevich Gagarin, mtu wa kwanza kufika anga za juu mwaka 1961, alikuwa na jina lake, jina la kumtaja baba yake Aleksey, na jina la familia. Mfasiri akiliweka Alekseyevich katika nafasi ya ubini atakuwa amekosea, kwa sababu jina hilo hubadilika kila kizazi, sawasawa na jina lifuatalo "bin". Jambo la pili ni kwamba mwanasayansi Maria Skłodowska wa Poland na baba yake, Władysław Skłodowski, walikuwa na jina moja lenye umbo la kike na la kiume. Jambo hilo halikuwa geni katika Tanganyika, kwa kuwa maelfu ya wakimbizi wa Kipoland walihifadhiwa Tengeru, karibu na Arusha, kuanzia mwaka 1942.

Ng'ambo ya ziwa

Kigoma inatazamana na Kongo, na utaratibu wa huko ni mwingine. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu iliwataka raia waache majina ya Kikristo na kutumia majina ya asili. Yeye mwenyewe, aliyekuwa Joseph-Désiré Mobutu, akawa Mobutu Sese Seko. Hata baada ya amri hiyo kulegea, hati za Kongo zimeendelea kutaja jina kuu kwanza, kisha jina la asili lifuatalo, na jina la dini mwisho. Mtafsiri wa cheti kama hicho akiyanakili majina kwa mfuatano ule ule katika fomu ya Tanzania, jina la ubatizo litageuka kuwa jina la familia.

Mapendekezo

Kutokana na maelezo haya, tunapendekeza istilahi zitumike kwa mipaka ifuatayo:

1. Jina binafsi: jina alilopewa mtu mwenyewe, liwe la dini au la asili.

2. Jina la baba na jina la babu: majina binafsi ya wazazi hao, yatajwe waziwazi kwa maneno hayo.

3. Ubini: jina linaloshuka bila kubadilika kwa watoto wote wa familia, vyovyote lilivyoanza. Asili ya neno hili ni finyu zaidi, lakini matumizi yamekwisha kulipanua, na kamusi zimelipokea.

4. Jina la ukoo: jina la kundi la watu wanaohesabu nasaba yao kwa mhenga mmoja. Lisitumike kwa maana ya ubini.

5. Nisba: jina lionyeshalo kabila, ukoo au mahali pa asili, kama el Barwani.

6. Lakabu: jina la kupachikwa, kama Rumaliza.

Fomu inayohitaji kuthibitisha uzazi na iulize jina la baba na la babu. Inayohitaji ubini na iuulize ubini, na iruhusu mtu aseme kwamba hana. Maneno "jina la mwisho" yaepukwe, kwa kuwa hutaja mahali pa neno katika mstari bila kueleza ni jina la nani. Mfasiri naye asibadili tahajia ya jina, wala asifasiri maana yake. Panapokuwa na tahajia mbili, aandike moja na kuongeza "ambalo pia huandikwa" kisha aitaje ya pili.

Walimu wana nafasi ya pekee katika jambo hili, kwa kuwa rejista ya darasa la kwanza mara nyingi ndiyo inayoamua jina ambalo mtoto atalichukua hadi katika vyeti vyake vyote. Mwalimu anayeandikisha watoto Mwandiga, au popote pengine, afanye hisani ya kumwuliza mzazi swali moja zaidi: ndugu zake mtoto huyu wameandikwaje?